Daftari za Kyungu

Jirani yangu akianza kutwanga sombe asubuhi, mimi natafuta sababu ya kutoka nyumbani. Naenda kununua chumvi wakati chumvi ipo. Naenda kumsalimia mtu niliyemsalimia jana. Watoto wangu wananicheka, wanasema mama yao ana miguu inayowasha, na mimi nawaacha wacheke. Kumbe si miguu. Ni ile harufu mbichi ya majani ya muhogo yakipondwa, ambayo kwa mji mzima wa Likasi ina maana ya chakula cha mchana, na kwangu ina maana ya kaa chini, nyoosha mgongo, tazama mlango.

Maana ubao wetu ulikuwa mlango. Mama alikuwa mwalimu kabla sijazaliwa, na alijua jinsi walimu wa kwetu wanavyotengeneza ubao bila rangi ya dukani. Unapasua betri za redio zilizokwisha, unatoa ule unga mweusi, unauponda pamoja na majani ya sombe, unapaka kwa kitambaa na kuacha ukauke. Kila Septemba alipaka upya upande wa ndani wa mlango wa chumba cha kulala, akaweka kigoda mbele yake, na mimi nikakaa hapo peke yangu, wa kwanza darasani na wa mwisho pia. Papa akitoka kazini na kusukuma mlango, hesabu zote zilikwenda kugeukia ukuta, na mimi nilishukuru kimoyomoyo.

Sikuwa mjinga. Nilisoma mapema kuliko Mireille, binti wa jirani, aliyekwenda shule ya kweli kila asubuhi na sketi yake ya bluu na shati jeupe. Lakini kukaa sikuweza. Mama akiandika mstari mmoja wa imla, mimi nilikwisha kujikuna goti, kuchungulia dirisha na kuhesabu kuku wa watu. Kulipopambazuka watoto walipita nje ya ukuta wetu wakipiga kelele, saa sita wakarudi wakipiga kelele zaidi, na mimi nilikuwa katikati ya kelele hizo mbili na ile harufu.

Jina langu ni Kabange. Kwetu, Waluba wa Katanga, jina hilo halitolewi hivi hivi. Mapasa wakizaliwa, yaani mapacha, wa kwanza kutoka anaitwa Kyungu na wa pili Kabange, na ukimpa mmoja kitu lazima umpe na mwenzake. Kwa hiyo anayetaja jina langu ametaja watu wawili. Sokoni wanawake waliniuliza jina huku wanapima unga, nikasema Kabange, na papo hapo swali likafuata.

"Na Kyungu iko wapi?"

"Iko ku masomo," Mama alijibu, bila kupunguza mwendo.

Yaani yuko shuleni. Lilikuwa jibu fupi na nililiamini, kama nilivyoamini kwamba jua linakwenda kulala Kambove. Nikajua basi kwamba nina kaka, na kwamba wazazi wangu wamegawa mambo: Kyungu anasoma huko, mimi nasomea mlangoni. Niliona ni uonevu mtupu. Nilimwonea wivu, na nilimtamani pia, vyote viwili kwa wakati mmoja. Saa sita nilipanda juu ya ndoo iliyofunikwa kifudifudi, nikaegemea ukuta na kukagua nyuso za wanafunzi wanaorudi. Nilikuwa nimejiangalia vizuri kwenye kioo cha kunyolea cha Papa ili nijue ninatafuta uso gani.

Nyumbani kila kitu kilinunuliwa mara mbili. Vikombe viwili, kandambili jozi mbili, na Septemba daftari mbili. Mama alizifunika kwa karatasi ya kaki, akaandika jina langu kwenye moja na la Kyungu kwenye nyingine kwa mwandiko wake mzuri wa kiualimu. Yangu nilipewa. Ya Kyungu iliingia kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, nami nikadhani Papa atampelekea njiani akienda kiwandani.

Papa alikuwa mtu wa maneno machache. Siku zake za kupumzika alinipakia kwenye baiskeli, tukaenda mpaka ziwa Tshangalele kununua samaki. Safari hizo ndizo zilizoniokoa nisipasuke. Wakati wa baridi, mwezi wa sita na wa saba, nyasi zilikuwa zimechomwa pande zote za njia, vumbi limekaa juu ya kila jani, na mimi niliimba mpaka Papa akaniomba nimwachie hewa kidogo ya kupandia kilima. Huko ziwani mama mmoja muuza samaki aliniuliza jina. Alipolisikia akatoa samaki wawili wa bure, akanipa mikononi.

"Moya ya kwako," alisema, "moya ya Kyungu."

Papa alimshukuru, akatazama maji. Njiani nikamuuliza kama samaki wa Kyungu atafika kabla hajaoza. Papa alisimamisha baiskeli, akashuka kukaza mnyororo ambao haukuwa umelegea.

Mireille alikuja kunitembelea alasiri za Jumatano na Jumamosi. Aliingia akinuka chaki, na mimi nilimrukia kumuuliza habari kabla hajakaa. Nani kachapwa, nani kalia, mwalimu kavaa nini. Aliniambia kwamba darasani kwao anayeshindwa kumaliza daftari lake haendi nyumbani saa sita. Wenzake wanatoka, yeye anabaki mpaka amalize. Nilimwambia hiyo ni sheria nzuri, kwa kuwa haikunihusu.

"Kwenu kuko Kyungu?" nilimuuliza siku moja.

"Kuko batatu," Mireille alisema. "Wa kwanza iko mukubwa, iko na kovu huku. Wa pili anapigaka batoto. Wa tatu anakulaka chaki."

Nilifikiri sana, nikamchagua anayekula chaki. Mtoto anayekula chaki ni mtoto mwenye njaa, na mtoto mwenye njaa ni mtoto aliye mbali na mama yake. Basi nikaanza kumpelekea vitu. Mvua za kwanza zilipoangusha inswa, wale kumbikumbi, niliwaokota kwenye beseni, Mama akawakaanga na chumvi, na nusu yangu niliifunga kwenye gazeti. Masuku, yale matunda ya porini, yalipoiva, Papa akatupeleka porini kuyaokota, nikamjazia mfuko. Mireille alibeba vyote kwa uaminifu na kuniletea majibu.

"Alisema merci. Alisema kama kuko ingine, ulete."

Nilijiona dada wa mtu. Kwa majuma kadhaa nilikaa vizuri kwenye kigoda, mpaka Mama akaniwekea kiganja kwenye paji la uso kuona kama sina homa.

Lakini kutuma vitu bila kumwona mtu kulinichosha. Nikamwambia Mireille amlete. Akamleta Jumamosi moja, mvua ilipokuwa imetoka kunyesha, matope mpaka magotini. Mama alikuwa bustanini akipalilia lengalenga, ule mchicha wetu. Nilimkimbilia nikipiga kelele ambazo nadhani zilisikika mpaka barabarani.

"Mama, Kyungu ameludia! Kyungu ameludia ku nyumba!"

Mama aliinuka. Matope yalikuwa yamempanda mpaka kwenye viwiko. Alitembea mpaka langoni polepole, mtu ambaye siku zote alitembea haraka, akasimama mbele ya yule mtoto akimtazama.

"Jina yako nani?"

"Kyungu."

"Weye ni Kyungu wa nani?"

"Wa Papa Ilunga, ku Kikula."

"Na Kabange yako?"

"Iko ku nyumba. Iko naangalia mutoto."

Mama alikwenda kunawa, na akanawa muda mrefu kuliko matope yalivyodai. Kisha akasonga bukari, ugali wetu, akatuita, akakaa kumtazama mgeni akila. Alikula mara mbili na Mama akamwongezea ya tatu. Alipoaga, Mama akampa mayai mawili, moja lake na moja la Kabange wake. Na mimi nilikuwa nimesimama pale nimevimba kwa hasira. Ana Kabange wake! Masuku yangu ya msimu mzima yalikuwa yameliwa na kaka wa mtu mwingine, tena hakufanana nami hata kidogo, ana masikio makubwa.

Hata mlango haujakauka vizuri baada ya kufuta somo la siku hiyo, nikaanza.

"Basi wangu iko ku masomo gani?"

"Mbali."

"Mbali wapi?"

"Kabange. Kaa chini. Andika."

Aliniandikisha mistari kumi ya imla, na kwa mara ya kwanza yeye ndiye aliyekosea, akaruka neno. Usiku ule na siku zilizofuata nilipanga miji yote niliyoijua kwa umbali. Lubumbashi, Kolwezi. Nikaongeza Shinkolobwe kwenye mgodi, kwa sababu watu wazima walipataja kwa sauti ya chini na kusema pamefungwa, hapaingiwi. Kama wamefunga watoto huko, ndiyo maana hatoki.

Nilihitaji anwani. Alhamisi Mama alikwenda mazoezi ya kwaya parokiani, Papa yuko kiwandani, na mimi niliachiwa kazi ya kunakili shairi la Kifaransa. Nikavuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda. Juu kulikuwa na vitenge vya Mama, chini ya vitenge kandambili ndogo ndogo ambazo hazijakanyaga chini, na chini kabisa daftari. Zote. Za miaka yote, zimefunikwa karatasi ya kaki, Kyungu, Kyungu, Kyungu. Nikafungua ya kwanza, ikawa tupu. Nikafungua ya pili. Nilizifungua zote sita na hakukuwa na hata herufi moja.

Mtu mzima angeelewa hapo hapo. Mimi nilielewa kitu kingine, na nilikielewa kwa uhakika kabisa. Asiyemaliza daftari anabaki, wenzake wanakwenda nyumbani. Kaka yangu alikuwa na daftari sita ambazo hajaandika hata jina la siku. Alikuwa amebakizwa. Miaka yote ile, saa sita ilipofika, wengine walitoka na yeye akabaki kwenye benchi, na hakuna mtu aliyemsaidia, si Mama mwalimu mzima, si Papa. Nilisikia uchungu mkali kwa ajili yake. Nilijua mimi kukaa ndani kukoje.

Nikaanza na daftari la mwaka wa kwanza. Niliandika kwa mkono wa kushoto ili mwalimu wake asijue kwamba ni mimi. A, e, i, o, u, mistari miwili miwili. Kila Alhamisi, mvua zote mpaka zikaisha, baridi ikaingia na moshi wa nyasi ukatanda juu ya mji, mimi niliyeshindwa kukaa robo saa nilikaa sakafuni saa mbili bila kuinua kichwa. Nilifanya majumlisho yake, nilimchorea ramani ya mto Lufira, nilimwandikia majina ya watakatifu. Makosa niliyaweka kwa makusudi, kidogo, kwa sababu mvulana asiyekosea hata mara moja haaminiki. Mireille alipokuja nilimwambia sina nafasi, nina kazi, na aliudhika akaacha kuja kwa wiki mbili. Sikujali. Nilihesabu kurasa zilizobaki jinsi mtu anavyohesabu siku za Krismasi.

Nilikuwa kwenye daftari la tano Septemba ilipofika. Mama alipaka mlango, akafunika daftari mpya mbili, akaenda kuweka ya Kyungu kwenye sanduku. Mimi nilikuwa jikoni. Nilisikia sanduku likivutwa, kisha kurasa, kisha kurasa tena. Hazikuisha. Nilipochungulia, alikuwa ameketi sakafuni na daftari zote mapajani, mikono bado myeusi ya unga wa betri, na kila ukurasa alioshika ulibaki na alama ya kidole.

"Nani aliandika?"

"Ni minye."

"Juu ya nini?"

Nikamweleza kwa nini, hata habari ya mkono wa kushoto. Nilimweleza kwa haraka, kwa fahari kidogo, nikamwambia kwamba Kyungu amebakiza daftari moja na nusu tu halafu watamwachia. Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Mahali nilipoandika kwamba nane na tano ni kumi na mbili, kidole chake kilisimama. Alichomoa kalamu kwenye nywele zake akaandika kumi na tatu pembeni, kisha akaiangalia ile namba yake mwenyewe na kalamu ikamponyoka.

Papa alipofika ndiye aliyeniita uani. Alichuchumaa mbele yangu bado amevaa nguo za kazi, zile zenye harufu kali ya asidi.

"Kabange. Kyungu alikufa. Mulikuwa bado kumaliza myaka tatu. Homa, siku mbili tu."

"Mama anasemaka iko ku masomo."

"Kwetu pasa akienda, bantu banaimba, habalie. Banasema ukimulilia, ule mwenye alibakia anasikia, anamufuata. Mama yako hakumulilia ata siku moya. Hakusema ata neno ya kufa. Na weye alikufunga mu nyumba, juu usifuate."

Nilitaka kukimbia na sikujua kuelekea wapi. Mama alikuwa amesimama mlangoni, na Papa akamgeukia, akasema kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake.

"Na sasa ona. Mutoto iko anamufuata humu humu mu nyumba. Tena na mukono wa kushoto."

Mama hakufundisha kwa siku mbili. Alikaa kwenye cherehani akashona sketi ya bluu, akaipiga pasi, akaining'iniza, na mimi nilipita mbele yake mara mia bila kuthubutu kuuliza ni ya nani. Jumatatu alinivalisha.

Mkuu wa shule alikuwa mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alifungua kitabu chake kikubwa akauliza jina, nikalitaja, na kalamu yake ikasimama hewani. Akatabasamu, akatazama nyuma yetu kuelekea mlangoni.

"Ah, Kabange. Basi tuandike babili. Kyungu iko wapi?"

Nilishika kitenge cha Mama. Jibu lake la siku zote lisingefaa pale, maana pale ndipo shuleni. Nilihisi anavyopumua. Mwanafunzi mmoja aliingia kuchukua kengele akatoka nayo, tukaisikia ikilia nje, na Mama bado hajafungua mdomo.

"Ni moya," alisema. "Ule mwengine alikufa."

Mkuu wa shule akasema pole sana, mama, akaandika mstari mmoja. Mama aliniangalia usoni. Aliniangalia kwa muda, kama anayesubiri kitu kinitokee. Hakikutokea kitu. Nilikuwa nimesimama tu, pua inaniwasha. Basi akanifunga kifungo cha shingoni, akatoka, na kwenye uwanja ule mpana alitembea peke yake bila kugeuka.

Na mimi nilifurahi. Sioni haya kulisema leo. Tulikuwa hamsini darasani, watatu kwenye benchi moja, viwiko vinagongana, kelele kila upande, hakuna anayeniangalia mimi peke yangu. Nilijibu maswali mawili. Nilichapwa mara moja kwa kugeuka nyuma. Asubuhi nzima sikumkumbuka mtu wa nyumbani hata mmoja.

Saa sita nilirudi na Mireille, nina mengi ya kumsimulia Mama mpaka nikatembea mbele ya Mireille na kumwacha. Kabla ya kufika kwetu niliona wanawake wa mtaani wakiingia langoni na mikeka mabegani. Kiti baada ya kiti kilipitishwa juu ya ukuta kutoka kwa jirani. Papa alikuwa uani akiwasha makaa chini ya sufuria kubwa, uso umelowa. Na nikasikia sauti ambayo kwanza sikuijua ni ya nani. Mama alikuwa ameketi chini, kitambaa cha kichwa kimemfunguka, anapiga mkeka kwa viganja na kumwita Kyungu kwa jina, amemwita, amemwita tena, na wanawake waliomzunguka walilia naye ingawa wengi wao hawakuwahi kujua kwamba huyo Kyungu hakuwa shuleni.

Sikuweza kupita. Nilisimama langoni na mfuko wangu. Nyuma yangu alifika mama mmoja wa mtaa wa pili, na kuni kichwani, anahema kwa haraka aliyokuja nayo. Aliona sketi yangu mpya, akaniinamia.

"Mutoto, nani amekufa hapa?"

"Kaka yangu."

"Pole, mama. Alikufa lini?"

"Leo asubuhi," nikamwambia.